Aliyeingia Hemani

Shika Adabu, Likoni
4 Machi 2024

Wifi yangu Janice,

Waendeleaje na baridi ya huko bara? Sisi wazima, jua tu latukaanga bila mafuta. Usininunie kwa kuwa Jumapili sikupiga simu kwa afande wako kama tulivyoagana. Simu yangu imekufa, mwenzangu, tena kifo cha aibu. Nilikuwa pale feri na karai langu la viazi, simu nimeibana begani naongea na Mama Dancun habari za mumewe, nikacheka kidogo tu, chubwi! ndani ya mafuta. Watu badala ya kunipa pole, mmoja ananiambia, "Mapenzi, ikiiva nipakulie na ukwaju." Kwa hivyo sasa ni barua tu, mpaka nipate nyingine. Mwandiko wangu waujua, soma hivyo hivyo.

Haya, umbea. Mramba ameokoka. Ndiyo, Mramba yule yule aliyekuwa akilala kwenye benchi lako la pombe mpaka umtoe kwa maji. Tangu wewe ufungwe hana pa kunywa, kaona bora kanisani kuna kivuli. Jumapili alisimama kushuhudia, akalia, akasema Bwana amemtoa mbali. Nikamwambia Mama Dancun, si Bwana, ni askari waliommwagia Janice mitungi yake! Tukacheka mpaka mchungaji akatuangalia. Hivyo Agosti ukitoka ujue mteja mmoja umempoteza.

Nyumbani kwako kwema. Karisa amepata kibarua cha usiku kule Changamwe, kiwanda cha saruji. Mimi alfajiri natoka na makaa yangu, yeye ndiyo anarudi na vumbi lake, tunapishana uani kama wapangaji waliogombana. Mchana analala, simu amezima. Mtoto anashinda na mama yetu, hawe wake. Hawajambo wote wawili, vikohozi tu vya vumbi, si unajua barabara yetu.

Sasa ngoja nikupe kubwa. Wiki iliyopita wamekuja watu wa utafiti. Wameweka hema jeupe pale uwanja wa chifu na mashine ya kupiga picha vifua, ati wanataka wajue kifua kikuu kimejaa wapi katika Likoni hii. Wanapita nyumba kwa nyumba. Aliyekuja kwetu ni msichana wa Kisumu, anaitwa Lynnette, mrefu huyo, Kiswahili chake kinatembea kwa magongo lakini adabu anazo. Alimkuta Karisa asubuhi anavua buti, akamuuliza nani humu anakohoa siku nyingi. Karisa akamjibu, akaingia kulala. Jioni Lynnette akarudi kumchukua mgonjwa, na mimi nilikuwepo kwa sababu bila simu hata biashara sikuiona maana siku hiyo.

Akaja akasema, "Natafuta mama. Baba wa hii nyumba amesema mama ndiye anakohoa."

Mama yetu huyo akaruka kama kaitwa mbinguni! Unajua kikohozi chake cha tumbaku. Akaoga, akavaa leso mpya, akajipaka mafuta hadi masikioni. Nikamwambia mama, wanapiga picha ya mbavu, si ya sura. Akaniambia, "Wewe wajuaje kama mbavu haziakisi uso?"

Hemani ndipo palikuwa sinema. Lynnette anamwambia, "Shosho, vua shanga."

"Shosho ndiye nani? Mimi naitwa Kanze. Za kiunoni pia?"

"Apana, apana, za shingo tu!"

Wifi, foleni nzima ilianguka kwa kicheko. Na mavyaa wako mdogo, binti yako, naye akaona hawezi kuachwa. Akang'ang'ania pazia la hema analia, "Na mimi Kanze! Na mimi Kanze!" Lynnette akambeba akambembeleza, akamwambia wewe bado mdogo, leo ni zamu ya nyanya. Akampulizia glavu ya daktari ikawa puto lenye vidole vitano. Mtoto akanyamaza, akazunguka nalo mtaa mzima akimpa kila mtu mkono.

Majibu yatakuja kwa simu ya Karisa. Mama ameshaniambia ile picha akipewa ataitundika sebuleni pale penye kalenda.

Kula huko, usikonde. Salimia wenzako, hata yule aliyeiba mbuzi.

Wifi yako,
Mapenzi

*

Likoni
11 Machi 2024

Mama Kanze,

Salamu. Mimi sijui kuandika mengi.

Nilikuwa sijakueleza, mama alikuwa hali yake si nzuri tangu mwezi wa kwanza. Anakohoa, usiku anatoka jasho mpaka godoro linalowa, na kula hataki. Nguo ulizomshonea Krismasi zinamvuka mabegani. Niliogopa. Watu wa utafiti walipokuja niliwaambia moja kwa moja, ni mama. Nasikia na mama mzee walimpiga picha, nikajua wamepima nyumba nzima.

Sasa ujumbe umeingia. Umesema hivi: Kanze hana kifua kikuu, asante kwa kushiriki. Nilikaa chini hapo hapo kwenye lango la kiwanda. Nimemnunulia dawa ya maji ya kikohozi na ya minyoo. Nilikuwa nataka kumpeleka hospitali lakini kama mashine imesema hana, hana.

Lala salama. Agosti si mbali.

Karisa

*

Gerezani
22 Machi 2024

Wifi Mapenzi,

Usisome hii barua ukikaanga. Toka kando, soma polepole.

Barua yako na ya Karisa nimepewa pamoja juzi. Nimesoma yako nikacheka, nikamsomea mwenzangu. Halafu nikasoma ya Karisa. Halafu nikarudi kwa yako, nikaziweka zote mbili kando kwa kando.

Karisa ananiambia mama anatoka jasho usiku. Mama hataki kula. Mama nguo zinamvuka. Wifi, Karisa akisema mama si mama yenu. Ni mtoto. Tangu siku aliyozaliwa tukampa jina la hawe wake, umewahi kumsikia Karisa akimwita vingine? "Mama njoo ule." "Mama nani kakupiga?" Sisi wa nyumbani tunajua. Mama yenu yeye humwita mama mzee. Lakini yule msichana wa Kisumu angejuaje? Kaambiwa mama, kaja kutafuta mama, na mama akamtokea na leso mpya.

Aliyeingia hemani si aliyekuwa mgonjwa. Aliyekuwa mgonjwa ndiye mliyemtoa na puto.

Na majibu yamekuja na jina la Kanze, na Kanze ni wawili, na Karisa anafikiri mtoto amepimwa. Hajapimwa mtu pale isipokuwa mama mzee na tumbaku yake. Mnampa mtoto dawa ya minyoo.

Wifi, sikulaumu. Wewe ulijua nusu na Karisa akajua nusu, na mko nyumba mbili zinazotazamana, mimi ndiye nimeziona nusu zote na niko huku nimefungiwa. Nimemwangukia afande miguuni, amepiga simu ya Karisa mchana, imezimwa. Amepiga usiku, inaita haishikwi, nafikiri huko kiwandani simu huachwa langoni. Yako ndiyo hiyo iliyokaangwa. Kuna mama wa kanisa hutembelea hapa, anarudi Mombasa kwa Pasaka, ameahidi kuibeba hii barua kwa mkono wake. Nimemchorea ramani mpaka mlangoni kwako.

Mpeleke leo. Usingoje kesho, usingoje Karisa aamke. Mwamshe. Waambie ana miaka minne, anakohoa tangu mwezi wa kwanza, jasho, amekonda. Usiwaambie "mama." Sema jina lake lote, Kanze Karisa, umsimamishe mbele yao wamwone.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Janice

*

Likoni
8 Aprili 2024

Wifi Janice,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo. Barua yako ilifika na tuliielewa. Mtoto tulimpeleka hospitali kama ulivyosema. Madaktari walimpokea vizuri na dawa walimpa. Usiwe na wasiwasi. Sasa amepumzika.

Karisa anakusalimu. Mama anakusalimu. Mchungaji anakusalimu, anasema atakuja kukuona karibuni barabara ikiwa nzuri, maana mvua ni nyingi.

Omba sana.

Wifi yako,
Mapenzi

*

Gerezani
15 Aprili 2024

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mwandiko ni wako lakini mwenye kuandika simjui.

Tangu niolewe katika nyumba ile hujawahi kuniletea habari bila kuipitisha kwa majirani watatu. Hata siku baba mkwe alipofariki ulinieleza nani alilia kwa kweli na nani alikuwa anaangalia sufuria ya pilau. Sasa mtoto wangu analazwa hospitali nzima na huniambii nesi alikuwa mnene ama mwembamba? Huniambii kitanda cha jirani kuna nani? Mtoto hakusema neno? Mama mzee hakumgombeza daktari?

Barua yako haina umbea hata mmoja, Mapenzi.

Na mchungaji anakuja huku kufanya nini? Hata siku ya kesi yangu hakufika.

Mwanangu amekufa?

Mimi sitaki kuambiwa na mchungaji. Mchungaji hakumjua, atanisomea aya. Niambie wewe, kwa mdomo wako huo huo, yote, kama unavyoniambia mambo ya watu. Usinipunguzie.

Janice

*

Shika Adabu
29 Aprili 2024

Wifi yangu,

Ndiyo.

Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu nikianza na mengine sitafika. Ndiyo, Janice. Pole, mama. Pole sana, wifi yangu.

Walinikataza. Wazee wa ukoo, Mzee Baya na wajomba, waliketi wakasema mfungwa hapewi msiba kwa karatasi, atajinyonga, ataenda mchungaji amwambie ana kwa ana. Ile barua niliambiwa cha kuandika, niliandika huku machozi yakifuta maneno, nikaandika tena. Mchungaji mpaka leo yuko hapa, daraja limekatika na mvua. Na wewe umejua mwenyewe. Haya, nakueleza yote kama ulivyotaka.

Yule mama wa kanisa alinifikia Jumamosi ya Pasaka, ramani yako mkononi, ameuliza hadi kwa wauza miraa. Nilisoma nimesimama. Sikuzima hata makaa. Nilimwacha Mama Dancun na karai nikakimbia, na mwili huu wangu, wifi, nilikimbia toka feri hadi bodaboda ya kwanza. Karisa alikuwa amelala. Nilimpiga kofi la mgongo nikamwambia, "Uliwaambia nani anakohoa?" Akasema, "Mama." Nikamwambia, "Mama yupi?" Janice, nilimwona akielewa. Sitaki kuona uso kama ule tena kwa mtu yeyote.

Mtoto alikuwa kwenye mkeka na hawe wake. Tangu Alhamisi alikuwa analalamika kichwa na kutapika, tukadhani malaria, kila mtu hapa ana malaria na mvua hii. Shingo ilikuwa haikunjiki. Hospitalini tulimpata daktari kijana, mwembamba, miwani, anaitwa Matthew, na nesi mnene mwenye sauti kama yangu, alitusukumia foleni yote kando. Nilifanya ulivyosema. Nilimsimamisha, nikasema, "Huyu ni Kanze Karisa, ana miaka minne." Hakuweza kusimama, nikamshikilia kwapani wamwone.

Walisema ni kifua kikuu, tena kimeshapanda kichwani. Dawa walimpa siku hiyo hiyo. Yule daktari hakuenda nyumbani Pasaka nzima, sikudanganyi.

Hakulala akilia. Jumatatu alifungua macho akaomba uji wa mkono wako. Nikamwambia huu ndio, mama yako ameutuma. Akanywa vijiko viwili akasema, "Huu si wake, hauna ndimu." Nesi akatoka nje akaleta ndimu, sijui aliitoa wapi. Akanywa kingine. Alikuwa ameshikwa na Karisa. Jumatano degedege lilikuja mara tatu. Alhamisi asubuhi la mwisho.

Tumemzika kwao, Ganze, kando ya babu yake. Jeneza lilikuwa dogo Karisa akalibeba peke yake, akakataa mtu kumshika upande. Kulikuwa na watu wengi. Mramba alichimba, hakumwachia mwingine jembe. Waliolia kwa kweli walikuwa wote, wifi. Nilitafuta mmoja wa kumsema sikumpata.

Lynnette alikuja matangani. Mtu alikuwa amempa habari. Wajomba walisimama, Mzee Baya akainua bakora, ati hawa ndio wametuulia mtoto na mashine zao. Msichana hakukimbia. Alisimama pale, anasema, "Niliambiwa mama. Niliandika mama." Na mama yetu akasema, "Mwacheni akae. Aliita mama, nikaitika mimi." Akamsogezea mkeka. Wakakaa wawili hao mpaka jua linazama, mmoja hana Kigiriama, mwingine Kiswahili chake siku hiyo kilimtoroka.

Sasa kuna jambo jingine, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Baada ya matanga walirudi wakatupima sote, mmoja mmoja, kwa jina na miaka na sura. Mama hana. Mimi sina. Karisa anacho. Lynnette ameniambia mtoto wa miaka minne hukipata kwa mtu mzima anayelala naye karibu. Sikumwambia Karisa hilo. Alijiambia mwenyewe.

Amepewa dawa za miezi sita. Kila asubuhi mimi namkalia mpaka aweke mdomoni. Jana nimefagia chini ya kitanda, nikapindua buti lake la kazi, vidonge vikamwagika. Wifi, ni vyote. Hajameza hata kimoja. Nimemtukana, nimemlilia, nimempigia magoti mimi dada yake mkubwa. Ananiangalia tu kama mtu anayesubiri gari. Kiwandani haendi tena. Anakohoa sasa kwa wazi, hajifichi.

Mdomo wangu huu unaosifika Likoni nzima umeshindwa. Mama ameshindwa. Amebaki anayeweza kumsemesha ni wewe, na wewe ndiye mwenye haki ya kukataa. Ukitaka kumchapa kwa maneno mchape, ila mwandikie.

Mapenzi

*

Gerezani
20 Mei 2024

Baba Kanze,

Mapenzi amenieleza yote. Wewe ndiye uliyekuwa umemshika. Nashukuru alikuwa mikononi mwako na si mwa mtu mwingine.

Nimelia siku saba. Wenzangu wamenisukia nywele, kwa desturi ya humu. Sasa nimeketi niandike na afande amenipa dakika chache.

Sijui kama nimekusamehe. Asubuhi nakusamehe, ikifika usiku nakuchukia, na kesho yake naanza upya. Hilo haliwezi kuandikwa. Hilo ni la kukaa chini mimi na wewe, pengine miaka. Nitakuuliza maswali na utanijibu, nitapiga kelele na utanyamaza, na siku nyingine tutalia bila kelele. Nina mengi ya kukuuliza juu ya siku zake zile ambazo sikuwepo. Hakuna mwingine anayezijua isipokuwa wewe. Ukizipeleka ardhini, umenizikia mtoto mara ya pili.

Kwa hivyo sikuombi. Mimi natoka tarehe tisa Agosti. Uwe hai langoni.

Mapenzi akikupa vidonge, fungua mdomo baadaye aangalie chini ya ulimi, kama wanavyotufanyia humu.

Meza, Karisa.

Janice